Binti yangu ana kitu kigumu chenye vidoa vyeusi kwenye unyayo: ni funza, ni sugu au ni chunjua?

Mama wa Tukuyu

Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu wa kidato cha pili anasoma shule ya bweni, na amerudi likizo ya mwezi wa 6 akichechemea. Karibu na kisigino ana kitu kigumu kinacholingana na punje ya mahindi, ambacho kimezama ndani ya ngozi badala ya kuchomoza, na pembeni yake kuna viwili vidogo. Anasema vilianza mwezi wa 3. Bibi yake alipoona vidoa vyeusi katikati alisema ni funza, akachukua pini na kuchokonoa, lakini hakutoka mdudu wala mayai, ilitoka damu tupu. Jirani anasema ni sugu ya viatu. Fundi wa kucha sokoni amejitolea kukikata kwa wembe.

Kinachonichanganya zaidi ni maneno ya muuguzi mmoja kwamba hiyo ni chunjua na kwamba huletwa na virusi vya HPV, ilhali binti huyu alichanjwa chanjo ya HPV. Je, chanjo haikumshika?

Tabibu Mstaafu, Uyole

Mama, pole kwa kuuguza. Kwa maelezo yako, muuguzi huyo yuko karibu na ukweli kuliko wengine wote, ingawa mguu wenyewe sijauona.

Funza tumwondoe kwanza. Jike anapojichimbia ngozini huacha kidoa kimoja cheusi katikati ya uvimbe mweupe unaowasha, naye hufa humo humo baada ya wiki chache; hawezi kukaa miezi 3. Sugu nayo huuma unapoikandamiza moja kwa moja, na ukiitazama kwenye mwanga mzuri utaona mistari ya ngozi, ile inayofanana na alama za vidole, ikipita juu yake bila kukatika. Chunjua huikata mistari hiyo, hivyo ngozi huonekana kama inaizunguka. Ibane kwa vidole viwili kutoka pembeni: binti akiruka kwa maumivu kuliko ulipokandamiza kwa juu, hiyo ni dalili nyingine ya chunjua. Vidoa vyeusi ni vishipa vidogo mno ambavyo damu imeganda ndani yake, na ndiyo maana pini ya bibi ilileta damu.

Kuhusu chanjo, usiwe na wasiwasi. Virusi vya HPV vina aina zaidi ya 100. Chanjo ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018 inalenga hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo husababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Chunjua za miguuni huletwa na aina nyingine, kama vile ya 1, ya 2 na ya 4, kwa hiyo chanjo yake inaendelea na kazi yake kule ilikokusudiwa. Virusi hivi vya miguuni hupenda sakafu yenye maji na ngozi iliyolainika au yenye michubuko, na mabafu ya bweni ambako wasichana wanaoga pekupeku ni mahali pake hasa.

Wembe wa sokoni uukatae kabisa. Unaweza kueneza chunjua kwenye ngozi isiyo na chunjua, na sijui umepita kwenye miguu ya nani kabla ya huyo binti.

Mchuma Chai, Mufindi

Shikamoo Tabibu. Mama, mimi niliipata nikiwa navaa mabuti ya mpira kutwa nzima, na kwa ujinga wangu nikaidondoshea maji ya betri. Iliungua chunjua pamoja na nyama iliyo chini yake, nikakaa nyumbani wiki 6 bila kibarua, na kidonda kilipofunga chunjua ikarudi pembeni mwa kovu.

Kilichonisaidia ni asidi ya salisiliki ya kupaka, ya asilimia 17. Kila jioni nililoweka mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama dakika 10, nikasugua ngozi nyeupe iliyokufa kwa kipande cha msasa nilichokitenga kwa kazi hiyo tu, nikazungushia Vaseline kwenye ngozi nzuri ya pembeni, ndipo nikaweka tone moja juu ya chunjua na kuliacha likauke. Mguu ulipowaka nilipumzika siku 2 au 3. Wiki ya 4 nilitaka kuacha, kwa sababu sikuona kitu. Ilikwisha wiki ya 10.

Mkulima wa Isyonje

Je, baba yangu mwenye kisukari anaweza kutumia dawa hiyo hiyo?

Tabibu Mstaafu, Uyole

Marahaba, Mchuma Chai. Mkulima, hapana. Mwenye kisukari anaweza kuungua bila kuhisi, na kidonda cha mguu kwake ni jambo zito, kwa hiyo mpeleke hospitali. Vivyo hivyo kwa doa jeusi au la kahawia kwenye unyayo linalopanuka, linalobadilika rangi au kuchimbika kidonda: kwa sisi watu weusi, unyayo ni mahali ambapo saratani ya ngozi iitwayo melanoma hujificha mara nyingi, na haifai kupakwa asidi kwa kubahatisha.

Mama, utaratibu wa Mchuma Chai ni sahihi, na unaweza kufika wiki 12. Kugandisha chunjua kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno, kupo katika baadhi ya hospitali kubwa, lakini kunauma, hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3, na kwa chunjua za unyayoni hakujaonekana kuishinda asidi. Zingekuwa haziumi ningekushauri uziache tu, kwa kuwa kwa watoto nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka 2.

Mama wa Tukuyu

Nashukuru sana. Nimebana pembeni kama ulivyosema, akapiga kelele. Duka la kwanza walinipa mafuta ya Whitfield.

Tabibu Mstaafu, Uyole

Hayo ni ya fangasi, Mama. Salisiliki iliyomo ni asilimia 3 tu. Yarudishe.

Mama wa Tukuyu

Nimeyarudisha, na duka la pili wamenipa ya asilimia 17. Nimemnunulia na ndala za kuogea, nikaziandika jina kwa kalamu ya wino mzito, maana bwenini hazikai wiki mbili. Matroni nitamwandikia barua aruhusiwe kuchemsha maji ya beseni jioni.