Tupeane uzoefu: seva za klaudi zenye programu zilizoishiwa sapoti, zimewahi kukufanyia nini? (Mtwara/Lindi)

Mwana_wa_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Wiki hii kijana mmoja hapa Mtwara mjini kaniita nimsaidie, seva yake ya kukodi inakataa kusasishwa. Anaandika yum update (amri ya kusasisha), inamjibu haiioni mirrorlist.centos.org. Yeye analaumu bando. Nikamwambia bando lako halina tatizo, hiyo CentOS 7 (mfumo wa Linux unaoendesha seva yako) sapoti yake iliisha tarehe 30 Juni 2024, hata hiyo anwani ilishazimwa. Nikamuuliza ana seva ngapi za namna hiyo huko klaudi. Hakuwa na jibu.

Hili ndilo linaloniuma. Karani wa ghala ukimuuliza ana magunia mangapi anakujibu bila kufungua daftari, sisi tukiulizwa seva zetu zinatumia toleo gani tunaanza kutazamana. Yaliyowakuta yasemeni hapa, na mnafuatiliaje?

Mpwa_wa_Newala
Naunga mkono hoja. Tena mambo haya huwa yanangoja msimu wa korosho ufunguliwe ndipo yalipuke.

Fundi_Ligula
Mimi nitapingana na mleta uzi. Nina wateja wako kwenye PHP 5.6 (lugha iliyoandikiwa mifumo yao) mpaka leo, asubuhi wanafungua, jioni wanafunga, risiti zinatoka. Kitu kinachofanya kazi unakigusia nini? Nimeona watu wengi wakiumizwa na kusasisha kuliko kutosasisha.

Bi_Nachingwea
Kaka Fundi, PHP 5.6 ilikatiwa sapoti tarehe 31 Desemba 2018. Tangu siku hiyo tundu lolote linalogunduliwa linabaki tundu. Wanaogundua wanalitangaza hadharani, unalisoma wewe na mwizi analisoma. Tofauti ni kwamba wewe huna kiraka cha kuliziba. Wateja wako wanalijua hilo, au wanajua tu kwamba risiti zinatoka?

Fundi_Ligula
Wanajua wananilipa shilingi ngapi dada yangu. Kuandika upya mfumo mzima atalipa nani?

Msafiri_Masasi
Mmenikumbusha Novemba 2024, ngoja niwasimulie.

Nipo Masasi, saa mbili usiku, bosi wa kampuni moja inayopokea korosho ananipigia sauti imemkauka. Mfumo wa mizani haufunguki na asubuhi malori yanaingia. Aliyeutengeneza alishahamia Dodoma, simu yake inaita tu. Nikapewa paswedi imeandikwa nyuma ya daftari la posho.

Naingia kwenye seva, naandika top, inayoonyesha kazi zinazoendeshwa. Juu kabisa kuna kitu kinaitwa kdevtmpfsi, mtumiaji wake apache (jina linaloendesha tovuti), kinakula prosesa yote. Jina wamelitunga makusudi: Linux yenyewe inayo kdevtmpfs, hawa wameongeza i mwishoni ili jicho lipite. Nakiua. Kufumba na kufumbua kipo tena. Nakiua, kinarudi. Nikafungua kroni (ratiba ya kazi zinazojiendesha) ya mtumiaji apache, nikakuta mstari mmoja ambao kila dakika unashusha skripti kutoka anwani ya mbali na kuiendesha. Pembeni yupo mwenzake anaitwa kinsing, kazi yake kuhakikisha yule wa kwanza hafi. Walikuwa wanachimba Monero, sarafu ya kidijitali, kwa bili ya mtu mwingine.

Waliingilia wapi? Ndani ya folda ya tovuti kulikuwa na vendor (msimbo wa kuazima), ndani ya vendor kuna PHPUnit ya zamani, zana ya kujaribu msimbo, na faili eval-stdin.php liko wazi kwa dunia nzima. Hilo tundu lina namba yake, CVE-2017-9841. Tundu la 2017, sisi tupo 2024!

Nikasema nisasishe kwanza. Yum ikagoma, ujumbe uleule aliousema mleta uzi. Nikaielekeza vault.centos.org, vifurushi vikashuka, lakini vault inatunza yale yaliyokwisha kutoka, kiraka kipya hakiingii humo. Umeme nao ukakatika, nikaendelea kwa intaneti ya simu.

Ikabidi nifungue seva mpya ya Ubuntu 22.04 (Linux nyingine) na kuhamisha databesi. Naweka mfumo, naona ukurasa mweupe. Msimbo wote umeandikwa kwa mysql_query, amri za zamani za kuuliza databesi, na hizo ziliondolewa kwenye PHP 7.0 iliyotoka 2015. Adhana ya alfajiri inasikika, malori yapo getini. Makarani wakaamua kurudi kwenye vitabu vya risiti, uzito unaandikwa kwa kalamu, na ndivyo wakulima walivyopokelewa siku ile. Mimi nikaweka PHP 5.6 ndani ya kontena (chumba cha programu kilichotengwa ndani ya seva), nikaifungia isifikiwe na yeyote nje ya anwani za ofisi na ghala. Mchana ikaanza kufanya kazi.

Kilichonikaa rohoni ni wakulima. Data za kwenye mfumo hatukuziamini tena, kwa hiyo kila mtu akawa anaulizwa upya namba ya simu na ya akaunti. Bibi mmoja kashika kikaratasi chake cha mzani kakikunja mara nne, ananiuliza, "Mwanangu, hela yangu ipo lakini?" Nikamwambia ipo. Ikaja kulipwa kweli, lakini siku ile sikuwa na uhakika wowote.

Koroshokoti
Aisee. Nimesoma huku mapigo yanakwenda mbio.

Mpwa_wa_Newala
Bibi huyo kaniliza.

Binti_Kilwa
Mkuu Masasi, data za wakulima ziliibwa au hazikuibwa? Maana pale kuna majina, simu na akaunti za benki.

Msafiri_Masasi
Logi za Apache (kumbukumbu za nani aliingia kwenye tovuti) zilikuwa zimefutwa. Mwizi akifuta nyayo huwezi kusema hakuchukua kitu, kwa hiyo tulichukulia kwamba zimeondoka. Uongozi niliuambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za mkulima zimo ndani yake. Walikuwa hawajawahi kuisikia.

Fundi_Ligula
Halafu mtu huyohuyo kaishia kuweka PHP 5.6 kwenye kontena! Si ileile niliyosema mimi?

Bi_Nachingwea
Sio ileile. Yeye kaifungia, ya kwako ipo barabarani.

Jabali_la_Ruangwa
Hapo kwenye kontena hata mimi simuungi mkono sana. Watu wanadhani kontena ni dawa. Ugonjwa umeuhamisha nyumba tu, na mfumo ukishaanza kufanya kazi hakuna bosi atakayetoa tena hela ya kuutibu. Mkuu Masasi, mfumo ule leo uko kwenye PHP gani?

Msafiri_Masasi
Uliandikwa upya baada ya msimu, upo PHP 8.3. Niliwaandikia kwenye mkataba kwamba kontena lina tarehe ya kuzimwa, bila hivyo nisingekubali kuliweka. Na usiku wa malori getini wewe ungefanya nini Jabali? Sema.

Jabali_la_Ruangwa
Ningeacha vitabu vya risiti vifanye kazi wiki nzima, niandike msimbo upya kwa utulivu.

Msafiri_Masasi
Hujawahi kusimama mbele ya wakulima wanaosubiri mzani wewe.

Mwana_wa_Shangani
Wakuu taratibu, wote mna hoja. Tuendelee.

Lindi_Mitwero
Mimi naishi Lindi, nafanya kazi na kampuni ya Dar kwa mtandao. Yangu hayana wadukuzi, yana bili.

Tuna klasta ya Kubernetes (kundi la seva zinazoendesha programu kwa pamoja) kwenye AWS, klaudi ya Amazon. Ile EKS, huduma yao ya Kubernetes, toleo likiwa ndani ya sapoti ya kawaida unalipa senti 10 za dola kwa saa kwa klasta moja. Toleo linapewa miezi 14, zikiisha hawakuzimii, wanakuhamishia kwenye sapoti ya nyongeza na bei inakuwa senti 60 kwa saa. Piga hesabu ya mwezi: kutoka kama dola 73 hadi kama dola 438, kwa klasta ileile, na kwenye programu yako hakuna kilichobadilika. Mhasibu ndiye aliyegundua, sio sisi watu wa mifumo.

Databesi nayo hivyohivyo. RDS (huduma ya databesi ya AWS) ya MySQL 5.7 sapoti ya kawaida iliisha Februari 2024, baada ya hapo unatozwa kwa kila prosesa kwa kila saa. Uongozi ukasema haraka, pandeni 8.0. Tukapanda, nusu ya mfumo ikafa. Jedwali letu la vikundi vya wateja liliitwa groups, na kuanzia MySQL 8.0 hilo jina limehodhiwa na lugha yenyewe. Kila swali linalolitaja bila alama za kulifunga linarudisha kosa. Mwenye mfumo unaohifadhi vikundi vya wakulima, aangalie leo jedwali lake linaitwaje.

Koroshokoti
Nimeangalia. Linaitwa groups. Asante kaka, umeniokoa.

Mzee_Mikindani
Vijana, niliwahi kukaa na mashine za Windows tangu zamani, niseme kidogo. XP ilikatiwa sapoti Aprili 2014. Mei 2017 ikaja programu ya kidukuzi WannaCry, ikafunga kompyuta za hospitali Uingereza na kwingineko duniani. Kiraka cha Windows zilizokuwa na sapoti Microsoft walishakitoa Machi mwaka ule, miezi miwili kabla. Hivyo yapo makundi mawili ya kuangalia: wenye kiraka wasiokiweka, na wasio na kiraka kabisa. Msiyachanganye.

Binti_Kilwa
Shikamoo mzee. Hilo la makundi mawili hasa ndilo linalowakosesha watu. Mtu kawasha unattended-upgrades kwenye Ubuntu, anadhani kamaliza. Ile inakuletea viraka ndani ya toleo ulilonalo, haikupandishi toleo. Ukiwa 20.04, sapoti ya kawaida imeisha Mei 2025, yenyewe itakaa kimya na wewe utadhani mambo shwari.

Mzee_Mikindani
Marahaba mwanangu.

Jabali_la_Ruangwa
Na kinyume chake pia kipo. Usihukumu kwa namba peke yake. Red Hat na ndugu zake kama CentOS wanachukua kiraka kipya wanakishonea kwenye toleo la zamani. Apache itaandika 2.4.6 miaka yote huku matundu yamezibwa. Kuna mkaguzi alitujia na ripoti kurasa na kurasa, kila kitu chekundu, kumbe kasoma namba tu. Cha kuangalia kwanza ni kama usambazaji wenyewe (aina na toleo la Linux) bado una sapoti, halafu kama vifurushi vyake ni vya mwisho kutoka.

Seva_ya_Nyumbani
Mnateseka bure na hayo maklaudi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, mliokuwa na seva huko nje mlifanya nini? Tena kimbunga Hidaya kilikuwa kimetoka kupita, barabara ya Dar imekatika. Seva yangu ya ofisini hapa Mtwara iliendelea kama kawaida.

Lindi_Mitwero
Na hiyo seva yako ya ofisini ina toleo gani la Windows?

Seva_ya_Nyumbani
2012 R2, na haijawahi kunisumbua.

Lindi_Mitwero
Sapoti iliisha tarehe 10 Oktoba 2023 mkuu.

Binti_Kilwa
Na cha kushangaza, hiyo hiyo ukiihamishia Azure, klaudi ya Microsoft, wanakupa viraka vya ziada bila malipo mpaka Oktoba 2026. Ukibaki nayo ofisini unalipia. Sisemi uhame, nasema ujue.

Seva_ya_Nyumbani
Hilo sikulijua. Nitalifuatilia.

Mwana_wa_Shangani
Sasa tuje kwenye kufuatilia. Mnafanyaje hasa?

Bi_Nachingwea
Mimi nina skripti. Kila Jumatatu inaingia kwenye kila seva, inasoma toleo la Linux kwenye /etc/os-release, inachukua toleo la PHP kwa php -v na toleo la databesi, halafu inauliza endoflife.date ambao wanatoa tarehe za mwisho za sapoti kwa JSON (muundo ambao skripti inausoma), bure. Zikibaki siku 180 inanitumia barua pepe. Zikibaki 90 inamtumia na bosi. Kumtumia bosi ndiko kulikobadilisha mambo, kabla ya hapo zilikuwa kelele zangu peke yangu. Kalenda nimeipanga kwa msimu: kazi ya kupandisha matoleo nafanya kati ya Machi na Juni, mizani ikianza kufanya kazi sigusi toleo kubwa la kitu chochote, viraka vya usalama tu.

Fundi_Ligula
Hiyo ya kufuata msimu naikubali.

Koroshokoti
Mimi ningesema washeni kila kitu kijisasishe usiku, mlale.

Jabali_la_Ruangwa
Usimsikilize huyu. Databesi isijipandishe yenyewe hata siku moja.

Koroshokoti
Sawa, databesi iacheni. Vingine mlale.

Mpwa_wa_Newala
Kwa wenye hela ndogo: Ubuntu Pro ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5, na inarefusha viraka vya usalama mpaka miaka 10 tangu toleo litoke. Inakupa muda wa kupumua.

Lindi_Mitwero
Naongeza moja ambalo wengi hawaligusi. Taarifa za AWS kwamba toleo lako linaelekea mwisho zinakwenda kwenye barua pepe iliyofungulia akaunti. Huku kwetu akaunti nyingi zilifunguliwa na kijana aliyeshaondoka, kwa barua pepe yake mwenyewe. Onyo linatumwa tena na tena kwa mtu ambaye hayupo. Ingieni kwenye mipangilio ya akaunti, kuna sehemu ya mawasiliano mbadala ya uendeshaji, ya usalama na ya bili. Wekeni anwani ya ofisi, sio ya mtu.

Koroshokoti
Na kama huyo kijana ndiye mwenye paswedi kuu na hapokei simu?

Msafiri_Masasi
Mwenye akaunti huyo ni yeye, sio ofisi. Mtafuteni kwa nduguze, kaeni naye vizuri, abadilishe barua pepe mkiwa pamoja mezani. Akikataa, fungueni akaunti mpya na muanze kuhamisha kabla ya Oktoba.

Koroshokoti
Kwao ni Nanyamba. Jumamosi naenda.