Lokatere (mupangaji) ananidai juu ya mutoto aliyepata plombu mu lupango yangu, naomba ushauri

Papa_Katuba
Bandugu jamboni, munisamehe itakuwa ndefu kidogo. Niko na lupango (kiwanja na nyumba) huku Katuba, Lubumbashi, ni ya marehemu baba, mbele tunakaa sisi, nyuma kuko aneksi ya vyumba viwili njo napangishaka. Toka 2019 aneksi ile ilikuwa na lokatere mumoja wa batri za magari, anapasua, anatoa plombu, ile risasi ya ndani, anayeyusha mu nusu ya pipa anaenda kuuzisha. Alikuwa analipa vizuri. Mwaka jana akatoka, mi nikapaka rangi nikatia familia ingine, baba, mama na batoto batatu. Sasa mutoto wao wa mwisho, miaka miwili na nusu, alianza kushikwa na tumbo, hakuli, na alikuwa amekwisha kuzoea kukimbia sasa iko anaanguka anaanguka tu. Wakamupima damu, karatasi inasema plombu 38.

Wiki iliyopita nikapata barua ya avoka (wakili) yao. Wanataka nilipe hospitali yote, niwatafutie nyumba ingine, na damazi (malipo ya hasara) juu. Wanaandika kama nilijua lupango iko na sumu.

Kweli kuko kona moja kule nyuma majani haioti, udongo ni mweusi, ukichokora na kidole unakuta vipande vya plastiki ya batri. Njo pale mutoto alikuwa anachezea na kijiko ya mama yake. Yule mutoto mi nilimubeba kwa mukono yangu, leo mama yake hanisalimie kwenye bomba. Baba yao anafanyaka kazi mu depo ya madini njia ya Likasi, anarudia na nguo zimejaa vumbi, je avoka yangu hawezi kusema ugonjwa ulitoka kule? Na lupango, wanaweza kuiuzisha kwa nguvu juu ya deni hiyo?

Yaya_Mado
Pole sana papa, pole na kwa ile familia. Mbele ya yote mutoto atoke pale, hata kesho. Mambo ya tribinali itafuata.

Kabine_Lshi
Papa, nafanya kazi mu kabine ya avoka miaka mingi, acha nikupangie. Kwanza angalia uko na karatasi gani. Barua ya avoka ni onyo, bado si kesi. Kesi inaanza pale wisye (mutu wa tribinali wa kupeleka karatasi) anakuletea asinyasyo (karatasi ya kukuita mbele ya juji), na hapo sheria inakupa siku 8 kamili mbele ya kufika, hauhesabu siku umeipokea wala siku ya kufika. Barua usiiache bila jibu, asinyasyo usiikimbie, maana usipofika watakuhukumu bila kuwepo na njo hapo watu wanapotezaka lupango. Kama ni konvokasyo ya parke (mwito wa ofisi ya prokireri) hiyo ni ingine kabisa, kuumiza mutu kwa uzembe ni kosa la penali, usiende bila avoka.

Sasa juu ya kujitetea. Kode sivili kitabu cha 3, artikle 258, inasema mutu aliyeleta hasara kwa kosa lake atailipa, 259 inaongeza uzembe, 260 inaongeza watu na vitu vilivyo chini ya ulinzi wako. Anayedai njo anayeleta ushahidi: kosa lako, hasara, na kamba inayofunga hivyo viwili. Hasara iko, karatasi ya damu imesema. Kamba itabishaniwa. Lakini kosa njo itakuwa moyo wa kesi, yaani ulijua nini na ulifanya nini. Kuko tena sheria ya mazingira ya 9/7/2011, no 11/009, inasema mwenye kuchafua njo analipa, na aliyechafua ni ule wa batri. Avoka yako aombe aitwe kwa lazima mu kesi hiyo hiyo, usingoje uhukumiwe peke yako ndio uanze kumutafuta. Uko na kontra yake? Iliandikwa ni nyumba ya kulala tu? Ulifanya eta de lie (karatasi inayoandika hali ya nyumba) wakati anatoka? Tafuta na resi zote za loyer (pesa ya nyumba).

Fundi_Ruashi
Mukikubali mambo ya barua mutateseka. Papa, leta watu wawili usiku na shuveli, toa ile udongo yote mwaga mbali, tia ingine. Bila udongo hakuna kesi.

Yaya_Mado
Fundi, na pale utaimwaga si kuko batoto pia? Vumbi yenyewe ya kuchimba usiku itaingia mu nyumba mwenye mutoto amelala. Hapana.

Kabine_Lshi
Fundi, hii ushauri ndiyo inapotezaka watu. Majirani wanaona, mutu akificha ushahidi juji atasoma vile anavyotaka, na kama ile udongo ilikuwa inakutetea umeitupa nayo. Ufunike kona, ndiyo, tena haraka, ni kulinda batoto na inaonyesha bidii yako. Lakini piga picha mbele, ita shefu wa avenyu na upande wao, muandike prose verbal (karatasi ya kueleza yaliyofanyika), watu wote watie sahihi. Sampuli ya udongo ichukuliwe pande zote mbili zikiwa pale, ama muombe juji ateue eksperi. Sampuli utachukua peke yako hawatakubali. Lubumbashi hatukose wenye kujua haya mambo, UNILU, iniversite yetu, iko na watu wa toksikoloji (elimu ya sumu) wanaofuatilia metali mu damu na mikojo ya watu wa Katanga miaka mingi.

Infirmiere_Kenya
Niko muganga musaidizi, niingilie kwa upande wa damu. 38 kama ni mikrogramu kwa desilita si mambo ya kungoja avoka. OMS (shirika la afya la dunia) inasema kuanzia 5 watu watafute chanzo na wakiondoe, kuanzia 45 mutoto anatiwa dawa ya kutoa plombu mwilini. Uliza kitu kimoja: damu ilitolewa ku kidole ama ku mushipa? Ku kidole, kama mukono haukunawishwa vizuri, vumbi ya ngozi inaingia mu damu na namba inapanda bure. Irudiliwe ku mushipa. Hiyo inasaidia mutoto na inasaidia kesi pia, hata kama namba itabakia pale pale.

Tena plombu mu damu inapungua nusu kwa mwezi moja hivi, ile ya mifupa inakaa makumi ya miaka. Kwa hiyo 38 ya leo inaongelea zaidi miezi hii ya karibuni. Na mutoto amekaa kwako muda gani? Waulize pole pole pia juu ya sufuria zinazotengenezwa na vyuma vya zamani vya kuyeyusha, juu ya pemba (udongo mweupe) mama alikuwa anakula na mimba, na batoto wale wawili wakubwa wapimwe. Si kwa kumutupia mama kosa, ni vyanzo tunavikutaka kweli.

Juu ya nguo za baba, papa, mimi nisingejenga juu ya hiyo. Depo za njia ya Likasi ni shaba na kobalti. Kama vumbi ya nguo njo iko inamugonjesha, mukojo ungeonyesha kobalti nyingi. Plombu ni habari ingine, na ile ya batri inachanganywaka na antimoni, metali ingine, eksperi akiikuta mu udongo yako itamuonyesha wapi ilitoka.

Papa_Katuba
Asante mama. Mutoto amekaa kwangu miezi 14. Kontra ilikuwa ya mudomo. Na kuko kitu sikuandika mara ya kwanza. Ule wa batri, siku moja moshi iliingia mpaka mu salo yetu, nikaenda kumuona, na nilimwambia

Kabine_Lshi
Papa simama hapo!! Hii mahali watu wote wanasoma, avoka ya upande ule pia. Maneno hayo peleka kwa avoka yako, yote bila kukata, hata ile inayokuumiza, atakutetea vizuri kama anajua. Na usitumainie eti mambo itazeeka, madai kama haya sheria inaachia miaka 30. Kama moyo wako unasema uko na sehemu yako, kuko njia ya kusikilizana, tranzaksyo, inaandikwa: unalipa nini, lini, wao wanaacha nini. Kusaidia dawa sasa si kukubali kosa, ila muandike hivyo hivyo ku karatasi kila mara unatoa franga.

Papa_Katuba
Nimerudi bandugu. Nimepata avoka, nimemwambia yote. Jana tulifunika kona na mchanga na maturubai, shefu wa avenyu alikuwepo, baba ya mutoto naye alitia sahihi. Alhamisi batoto wote batatu wanaenda kupimwa ku mushipa, mimi nalipa, imeandikwa. Wanalala mu nyumba ya mbele kwetu kwa sasa. Mama yao ananisalimia kidogo. Aliniuliza kama kile kijiko akioshe ama akitupe, nikamwambia nitamununulia ingine.

Infirmiere_Kenya
Akitupe. Na viatu vya nje visiingie mu nyumba, mupanguse chini na kitambaa cha maji, musifagie kavu. Alhamisi utuambie namba.