Familia ya Magomeni Mapipa: baada ya picha ya Jumamosi

*Jumapili asubuhi*

Mama Salma: Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Wengine za asubuhi. Kifuniko cha hotpoti langu la bluu kimebaki huko jana. Naomba kisianze safari ya nyumba kwa nyumba.

Babu: Marahaba mwanangu. Kipo. Kimefunika ndoo ya maji ya kunywa.

Mama Salma: Baba jamani!

Hamisi: Shikamooni wote. Nina swali moja tu. Jana tuliangalia nini?

Ba'mdogo Dulla: 😂😂😂

Hamisi: Sitanii. Hiyo Megalopolis, dakika 138. Nimesinzia, nimeamka, nakuta steringi kapigwa risasi ya uso na katoto. Nikajua basi, tunaenda kula. Mara kaamka, nusu ya uso inang'aa kama taa ya bajaji. Steringi hafi, hilo najua tangu kibanda umiza, lakini kuna mipaka.

Zuwena: Ile inaitwa Megalon. Ndiyo malighafi aliyoigundua mwenyewe, anataka kujengea mji mzima.

Hamisi: Kwa hiyo inajenga ghorofa na inatibu risasi. Kama dawa ya wale waganga wa matangazo ya kwenye nguzo: mapenzi, kesi, kupandishwa cheo, mali iliyopotea.

Ba'mdogo Dulla: Na namba ya simu chini 😂

Zuwena: Mnacheka lakini sikuwalazimisha. Niliposema ni picha mpya ya Coppola, yule mzee aliyeongoza The Godfather, Babu akasema lete.

Babu: Nilisema. Ile ya 1972 niliiona kwenye sinema mjini, na suruali ya kuazima. Watu walitoka ukumbini wanatembea polepole, kila mmoja anajiona ana walinzi. Mtu aliyekufanyia hivyo ukiwa kijana unampa saa mbili zako uzeeni.

Mama Salma: Saa mbili nampa. Lakini yule mzee wa kitandani mwenye upinde chini ya shuka? Mimi nimekaa kochi moja na baba yangu mzazi! Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Ba'mdogo Dulla: Baba akajifanya anatafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa.

Babu: Nilikuwa natafuta ya kusomea.

Baba Salma: Habari zenu. Mimi niliifuata vizuri, labda kwa sababu ya somo langu. Majina yale si ya kubuni. Roma ya kale, mwaka 63 KK, Catilina alituhumiwa kupanga njama ya kupindua serikali. Cicero alikuwa konsuli, akamfichua mbele ya Baraza. Vitabu vingi vinamfanya Catilina kuwa adui. Huyu Coppola kageuza: Catilina ndiye steringi mwenye ndoto, Cicero ni meya anayemzuia. Mji anauita New Rome lakini ni New York ileile, hata lile jengo la Chrysler la mwanzoni lipo.

Hamisi: Pale anaposimama ukingoni anauambia muda usimame, ukasimama?

Baba Salma: Hapohapo.

Hamisi: Teacher, angetuambia hayo ya Roma mwanzoni kwa maandishi, tungekuwa pamoja. Mimi nilidhani Cicero ni mchezaji wa Brazil.

Mama Salma: Baba Salma jana ulikuwa unakoroma. Usinifanye nitoe ushahidi.

Baba Salma: Nilikuwa natafakari nimefumba macho.

Zuwena: Na mnajua alitumia hela yake mwenyewe? Kama dola milioni 120. Studio hazikutaka, akauza sehemu ya biashara yake ya mvinyo kule California. Wazo lenyewe alikuwa nalo tangu miaka ya 1980. Imeonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes Mei 2024 akiwa na miaka 85.

Ba'mdogo Dulla: Dola milioni 120 ni kama bilioni 300 za kwetu.

Mama Salma: Na ilirudisha ngapi?

Zuwena: Kwenye majumba ya sinema, kama milioni 14. Dola.

Mama Salma: Kimya kidogo kwa ajili ya watoto wake.

Hamisi: Ningekuwa mwanawe ningeshaitisha kikao cha ukoo. Mzee, kaa chini, lete hati za shamba.

Babu: Hamisi.

Hamisi: Naam Babu.

Babu: Hela ya nani?

Hamisi: Yake Babu.

Babu: Shamba la nani?

Hamisi: Yake… lake Babu.

Babu: Haya.

Ba'mdogo Dulla: Dogo kaa mbali na moto 😂 Mzee anasikia habari ya msingi wa Chanika hapo.

Babu: Na wewe Dulla nimekusoma.

Babu: Nimejenga nyumba za watu miaka 41. Nyumba ya tajiri, ramani ya tajiri, ukimwambia dirisha lingekaa huku anakwambia fundi jenga. Siku fundi akipata hela yake akajenga anachokitaka, lazima kitakuwa na kona za ajabu. Zimekaa kichwani muda mrefu. Mimi zile kona niliziona na sikuzielewa zote, lakini nilijua huyu hakuagizwa na mtu.

Babu: Halafu yule dereva wake, yule Mmarekani mweusi anayesimulia, si anaitwa Fundi?

Zuwena: Ndiyo! Fundi Romaine. Imeandikwa hivyohivyo. Anaigiza Laurence Fishburne. Alianza kufanya kazi na huyu mzee akiwa na miaka 14, kwenye ile picha ya vita ya Vietnam iliyotoka 1979. Alidanganya umri ili apate kazi.

Babu: Kama mimi. Kibarua cha kwanza nilisema nina 18. Nilikuwa na 15 na ndevu za mkaa.

Ba'mdogo Dulla: Ndevu za mkaa!!! Hii mbona hatujawahi kuambiwa

Zuwena: Na ile ya 1979 aliweka rehani hadi nyumba yake, watu wakasema kachanganyikiwa. Ikachukua tuzo kubwa ya Cannes. Halafu 1982 akatoa nyingine kwa mtindo uleule ikamfilisi. Kwa hiyo si mara ya kwanza kucheza huo mchezo.

Mama Salma: Ndiyo nasema. Mtu akishaungua mara moja anaogopa hata majivu.

Hamisi: Nimesoma kidogo mtandaoni usiku. Kuna watu huko Marekani kazi yao ni kuwauliza watazamaji wanapotoka ukumbini. Hii walioiona wakaipa D+. Mimi kemia nilipata D na Baba alinichapa.

Hamisi: Na tangazo lake! Agosti 2024 walitoa tangazo lenye maneno ya wahakiki maarufu wakiziponda picha zake za zamani, kumbe maneno yenyewe ya kutunga. Wasambazaji wakaomba radhi, wakaliondoa.

Mama Salma: Walitaka kuonyesha kwamba alipondwa tangu zamani na akashinda?

Hamisi: Ndiyo Shangazi. Wakamtungia maadui. Wakati wa kweli walikuwa njiani wanakuja 😂

Zuwena: Si wote waliiponda jamani. Cannes wengine walizomea, wengine walisimama wakapiga makofi dakika kadhaa. Wapo wanaosema ndiyo picha huru kuliko zote za miaka hii. Mimi nipo katikati. Mapambo ya ile harusi ya uwanjani, zile sanamu zinazochoka na kukaa chini barabarani, sijawahi kuona kitu kama kile. Mazungumzo yake ndiyo yananishinda. Kila mtu anaongea kama anafungua mkutano.

Ba'mdogo Dulla: Hiyo hata Lufufu, yule mtafsiri wa picha za video, angeitupa kaseti nje. Angetafsiri nini pale?

Babu: 😀 Lufufu angeongeza ya kwake, na ingeeleweka.

Zuwena: Ila kuna kitu sikuwaambia. Cannes, na kwenye baadhi ya majumba ya sinema, ilipofika pale Cesar, yule steringi, yuko na waandishi wa habari, mtu hai alitoka ukumbini na maikrofoni akasimama mbele ya pazia akamuuliza swali. Na Cesar wa kwenye pazia akajibu. Watu waliduwaa, ikaandikwa dunia nzima.

Ba'mdogo Dulla: Subiri. Mtu kuongea na picha, ndiyo habari?

Zuwena: Ndiyo 😂

Ba'mdogo Dulla: Waje Magomeni. Mama amefanya hivyo tangu tivii ya chogo. "Usiingie humo, yuko nyuma ya mlango!" Mechi ya fainali alimpangia kocha kikosi.

Mama Salma: Na jana aliuliza. Mbona mmesahau? Palepale kwenye maikrofoni.

Hamisi: Eeeh! Na luku ikaisha!

Mama Salma: Mama kauliza swali lake, TAP, giza. Sisi wote tukakaa kimya tukidhani muda umesimamishwa tena.

Hamisi: Nilikaa dakika nzima gizani nasubiri uendelee. Wallahi.

Ba'mdogo Dulla: Kazimiwa na steringi 😂😂 Mama aliuliza nini lakini? Mimi nilikuwa nje na simu.

Zuwena: Bibi yuko hapa pembeni anasomewa ujumbe wenu wote. Anasema anajibu mwenyewe.

Bibi: 🎤 sauti, 1:52

Ba'mdogo Dulla: Nipo kwenye daladala, spika mbovu. Kuna mtu aandike?

Zuwena: Naandika kama alivyosema, nisije nikaambiwa nimepunguza:

"Shikamooni nimeitikia wote. Nilimuuliza, hao uliowavunjia nyumba wanalala wapi leo? Mwanzoni kabisa mmeona, kavunja nyumba za watu, kasimama anaangalia vumbi. Meya naye hana jema, anataka kujenga kasino. Wanagombana wao kwa wao na mchoro mezani. Wenye nyumba wako wapi? Hawana hata jina. Baadaye linaanguka lile dude la Warusi kutoka juu, linampa kiwanja cha bure, muziki unapiga. Nikasema basi, nimeshaiona hii. Dada yangu alikuwa anakaa Kota, zile nyumba za zamani za hapa Magomeni. Zilipovunjwa akaja kukaa na mimi chumba cha uani, akasema ni ya muda. Magorofa yakaja, mazuri, sikatai, yamezinduliwa 2022, yeye hayupo. Nilipofungua pochi yake kulikuwa na kitambulisho, tasbihi, na ufunguo wa mlango wa Kota. Mlango wenyewe haupo. Sasa mimi nisimuulize? Hata kama yuko kwenye tivii. Zuwena, hii inazimwaje."

*Jumapili mchana*

Mama Salma: Ufunguo ule ninao mimi. Mama alinipa siku ya arobaini.

Baba Salma: Kumbe ndiyo ule wa kwenye kikombe?

Mama Salma: Ndiyo ule. Usiutupe kama ulivyotupa zile hati.

Ba'mdogo Dulla: Nimesikiliza sasa. Mama, mimi nilidhani ulikuwa unamtania tu.

Babu: Mimi nilikuwa naangalia jengo. Yeye alikuwa anaangalia watu. Nyumba moja miaka hamsini.

Zuwena: Babu, mwishoni ulikuwa macho? Pale imeandikwa ni kwa ajili ya mkewe, Eleanor. Alifariki Aprili 2024, mwezi mmoja tu kabla ya Cannes.

Babu: Niliona. Hata yule mtoto mchanga anayetikisika peke yake wakati wote wamesimama niliona. Nilikuwa macho kuliko wote, muulizeni aliyekwenda kununua luku saa nne ya usiku.

Hamisi: Ni Babu kweli. Kwa kandambili.

Babu: Elfu tano. Kila mtu mzima anitumie elfu moja. Dulla elfu mbili, ulikula sambusa za watu wawili.

Ba'mdogo Dulla: Baba 😭

Mama Salma: Nimetuma. Na kifuniko changu?

Babu: Njoo Jumamosi uchukue. Bibi yenu kachagua picha ya Kihindi, ya zamani, urefu wake saa tatu kamili. Anasema atauliza maswali machache.