Tupeane uzoefu: hamira mnapimaje nyumbani?

Wakuu, za jioni. Kila pishi utasikia "tia hamira kijiko kimoja", basi, imeisha hiyo. Kijiko gani sasa? Cha chai au cha kula? Cha mfuto au cha kujaza mlima?

Ninavyojua, kijiko cha chai cha kupimia, kile cha mililita 5, kikiwa mfuto kinabeba kama gramu 3 za hamira kavu. Cha kula ni vitatu vya hivyo, gramu 9 hivi. Ila vijiko vya kabatini havifanani hata kidogo. Mnaooka kila siku, mnafanyaje?

Muuza maandazi, Tanga
Mie naanza na saa, kijiko baadaye. Nakanda saa tatu usiku, nakata saa kumi alfajiri. Kwa joto la huku kilo 1 ya unga naipa nusu kijiko cha chai tu, na asubuhi beseni limejaa. Jirani yangu kilo hiyohiyo anaitia kijiko cha kula kizima, lakini yeye anakanda na kukaanga palepale, saa moja na nusu kamaliza. Akilaza lake mpaka alfajiri litamwagika na kunuka pombe.

Niko Ujerumani
Huku hamira mbichi inauzwa kipande cha gramu 42, laini, inavunjika kwa vidole. Pakti ya kavu ni gramu 7, imeandikwa inatosha unga gramu 500, sawa na nusu kipande. Kwa hiyo pishi likitaka mbichi, nagawa kwa 3 napata kavu. Hiyo ni ile ya chenga ndogo unayochanganya moja kwa moja na unga. Ile ya chenga kubwa ya kulowekwa kwanza, ongeza kama robo.

Bibi wa kumimina, Unguja
Nyie na gramu zenu! Mkate wa kumimina, mchele ukishasagwa na tui, natia hamira, nafunika, naenda zangu. Nikifunua nikakuta vitundu juu na uji umepanda, natia chumani. Kijiko hakijui leo kuna joto au mvua.

Mwanzisha mada
Bibi shikamoo 😂 Lakini sisi wanafunzi tutajuaje pa kuanzia?

Bibi wa kumimina, Unguja
Marahaba. Nusu kilo ya mchele, kijiko kimoja cha chai, mfuto. Mengine utajifunza kwa macho.

Njombe baridi
Huku mwezi wa saba ukifuata vipimo vya Tanga utakula saa sita mchana. Watu wanaongeza hamira, mkate unatoka na harufu kali ya hamira. Mimi kipimo sibadilishi, naweka sufuria karibu na jiko la mkaa. Maji yawe ya uvuguvugu, kidole kikae bila kuungua. Yakifika nyuzi 60 hamira inakufa.

Mwokaji, Mombasa
Mizani ya jikoni inayoruka gramu mojamoja haiwezi kupima gramu 1 na nusu. Dawa yake: koroga gramu 10 za hamira kwenye maji mililita 100, kisha chota kwa sindano ya dawa ya mtoto, ile isiyo na ncha. Kila mililita 10 ni karibu gramu 1. Koroga kila unapochota maana inatuama chini, na maji hayo uyapunguze kwenye ya kukandia.

Muuza maandazi, Tanga
Hiyo ya sindano naijaribu leo usiku. Iliyobaki inalala friji au namwaga?

Mwokaji, Mombasa
Mwaga, dada. Ikishalowa haikai.