Tupeane uzoefu: mashine ya kuoshea vyombo ya kupachika kabatini, kwa nyumba za Mwanza

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotaka kuweka mashine ya kuoshea vyombo ndani ya kabati la jiko. Vijitabu vinavyokuja na mashine vimeandikwa kwa majiko ya Ulaya: maji yenye chokaa, presha usiku na mchana, kabati zilizokatwa kiwandani. Hapa maji ni ya ziwa, chokaa ni kidogo, lakini tanki liko mita tatu juu na slabu ya jiko ni ya zege. Mwenye vipimo aweke vipimo, na aeleze sababu.

Fundi kabati, Nyakato

Pima kwanza, dukani baadaye. Mashine ya upana kamili inataka nafasi ya sentimita 60, nyembamba sentimita 45. Ya 60 inabeba vyombo vya watu 12 hadi 15, ya 45 watu 9 hadi 11. Kimo ni angalau sentimita 82 kutoka sakafuni hadi chini ya slabu. Kina kisipungue 55, na ukutani nyuma pasiwe na bomba lililotokeza.

Tatizo la slabu za zege ni nguzo za tofali zinazoibeba. Zikishapigwa plasta na vigae, nafasi iliyoachwa 60 inabaki 56. Kama ujenzi bado, acha 65 kati ya tofali na tofali. Kama umeshamaliza, pima juu, katikati na chini, mbele na nyuma. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho chako.

Kigae cha sakafu kiingie mpaka ukutani. Mafundi wengi huishia pale kabati linapoanzia, kisha mashine ikishasukumwa ndani na miguu kuinuliwa, kigae cha mbele kinakuwa kizingiti. Siku ya matengenezo haitoki.

Mashine lazima ikazwe kwa skrubu, kwa sababu ukivuta trei mbili zilizojaa vyombo uzito wote unakuja mbele na inainama. Chini ya granaiti au zege huwezi kukaza kwa juu, kwa hiyo chagua yenye vipande vya kukazia ubavuni, na funga mbao kwenye nguzo za pembeni.

Mlango wa mbao unaofunika mbele una kikomo cha uzito kwenye kijitabu. Kipande cha mninga cha sentimita 60 kwa 72, unene milimita 18, ni kama kilo 5. Mkongo hupita kilo 6. Ukiuongezea fremu na urembo, springi za bawaba zinashindwa na mlango unadondoka wenyewe. Springi zinakazwa kwa skrubu mbili za mbele chini. Kaza mpaka mlango ukae pale unapouachia.

Fundi bomba, Mkolani

Hapa ndipo mashine nyingi zinapogoma, na wenye nyumba wanadhani wameuziwa mbovu.

Mashine nyingi zinaomba presha kuanzia baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha), chache zinakubali 0.3. Mita 10 za kimo cha maji ni takriban baa 1. Valvu ya mashine iko chini karibu na sakafu, kwa hiyo kitako cha tanki kiwe mita 5 juu ya sakafu ya jiko ili upate 0.5. Mnara wa kawaida wa mita 3 unakupa 0.3 tu, tena kabla ya kona na mabomba ya nusu inchi kula sehemu yake. Waliojenga vilimani, Isamilo au Bugando, wana bahati: tanki likikaa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, mita 5 zinapatikana bila mnara. Wa tambarare waweke pampu ya presha yenye kujiwasha na kujizima.

Baadhi ya vijitabu vinataka pia lita 10 kwa dakika. Chukua ndoo ya lita 10, fungulia koki itakayolisha mashine, tazama saa. Ndoo isipojaa ndani ya dakika, mashine itasubiri maji, ichoke, itoe alama ya kosa.

Mpira wa kuingiza maji una nyuzi za robo tatu inchi, na mabomba yetu ni nusu. Nunua koki ya pembe ya nusu kwa robo tatu, uiweke ndani ya kabati la sinki mahali mkono unapofika, kamwe si nyuma ya mashine. Washa, kile kiduara cha mpira ndani ya nati, ndiyo inayozuia maji kuvuja pale, usiizungushie tepu.

Mgao ukiisha na maji kurudi, yanayotangulia yana tope na kutu. Mwisho wa mpira kuna wavu mdogo, na huo ndio unaoziba. Funga koki, fungua mpira, toa wavu kwa koleo jembamba, suuza kwa mswaki. Ukitaka kujikinga, funga chujio la inchi 10 lenye katriji ya maikroni 50 (namba ikiwa ndogo, matundu ni madogo). Ile ya maikroni 5 itakuua presha kama unategemea mnara.

Mpira wa kutoa maji machafu upandishwe juu mpaka ukaribie kugusa slabu kabla ya kushuka kwenye mtego wa sinki (lile bomba lililopinda chini yake), la sivyo maji ya sinki yanarudi ndani ya vyombo. Tena, kwenye mitego mipya ile pua ya kuunganishia imezibwa kwa plastiki ndani. Ikate kwa kisu kabla ya kufunga. Ukisahau, mashine haitatoa tone.

Swali kwa fundi bomba: mkuu, maji ya sola ya juu ya bati yanafaa?

Fundi bomba, Mkolani: Yanafaa kama kijitabu kinaruhusu maji ya moto, na mwisho huwa nyuzi 60. Sola yetu mchana wa jua kali inapita hapo, kwa hiyo weka valvu ya kuchanganya.

Fundi umeme, Pasiansi

Mashine inavuta wati 2,000 hadi 2,400 hita ikiwaka. Waya wa milimita 2.5, soketi yake peke yake kwenye kabati la jirani, ethi (waya wa ardhini) iwepo kweli. Zile gadi za friji za ampia 5 zinaungua. Tafuta ya 13. Programu ya eko inakula kama yuniti moja ya LUKU kwa mzunguko, ya nyuzi 70 inakaribia moja na nusu. Eko inachukua saa tatu na zaidi, na wengi wanadhani imekwama. Inaokoa umeme kwa sababu inapasha maji kidogo na kuloweka muda mrefu. Umeme ukikatika usifungue mlango ghafla, mvuke unaunguza.

Na mtumba wa Marekani wa volti 120 achana nao.

Fundi mashine, Kirumba

Chumvi: kazi yake ni kusaidia mashine kulainisha maji, yaani kuondoa chokaa. Maji ya ziwa ni laini, kwa hiyo kiwango cha kulainisha maji weka cha chini kabisa. Taa ya chumvi isikusumbue sana. Wa kisima wapime kwanza kwa karatasi za kupimia ugumu wa maji. Anayehitaji chumvi atumie ile ya mashine yenye chenga kubwa. Ya mezani ina vitu vya kuizuia isigande, na inaziba.

Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono isiingie humo hata kijiko. Povu linajaa, linavuja kwenye beseni la chini, boya linanyanyuka, mashine inazima kila kitu na pampu inabaki inanguruma.

Chujio la ndani ya mashine lisafishwe kila wiki. Kwa wala samaki, kila siku mbili. Miiba ya sato na magamba yanapita kwenye silinda ya chujio hilo na kukaa kwenye pangaboi la pampu. Mikono ya kurushia maji nayo ina vitundu. Chokonoa kwa kijiti cha meno.

Mpishi wa nyumba ya wageni, Capri Point

Naongezea kwa fundi. Kung'uta mabaki, usisuuze. Ila sufuria ya ugali iloweke kwanza kwa maji baridi, maana wanga uliokauka maji ya moto yanaukaza. Sufuria za alumini zinageuka nyeusi kwa sababu sabuni ya mashine ni kali, hivyo zioshe kwa mkono, pamoja na miiko, chupa za chai na vyungu.

Kwa sababu maji yetu ni laini, glasi ndizo zinazoumia. Punguza sabuni ya unga hadi nusu, tumia nyuzi 45 au 50. Glasi ikiwa na ukungu, isugue kwa siki: ukitoka, ni chokaa au mabaki ya sabuni. Usipotoka, kioo chenyewe kimeliwa na hakirudi.

Fundi mashine, Kirumba: Sahihi kabisa, dada. Na kabla mashine haijasukumwa ndani, ziba kwa wavu wa chuma tundu la ukutani mipira inapopita. Panya wanatafuna mipira, na mende wanapenda joto la bodi ya umeme.