Wakuu naombeni ushauri kuhusu Rwenzori, nimekwama kabisa

Habari zenu wakuu. Niko na prezentesheni ya jiolojia kuhusu milima ya Rwenzori, ile ya mpakani mwa Uganda na Kongo, na kuna kitu kinanisumbua kichwa. Kilimanjaro na Mlima Kenya naelewa, volkano zile, ila Rwenzori sio volkano, ni miamba mizee ya kabla ya Kambria (enzi ya kale sana ya dunia), aina za manaisi na kwatsaiti, zaidi ya miaka bilioni moja huko, imesukumwa juu kama tofali kati ya mipasuko ya ardhi mpaka ikafika mita 5,109 kule kilele cha Margherita. Sasa hapo ndo shida, Rwenzori iko kwenye Bonde la Ufa, na huko si ardhi inavutwa inaachana? Himalaya sawa, bamba la India (kipande kikubwa cha ganda la dunia) limegonga Asia, lazima kitu kipande juu, lakini huku kunakotanuka mlima unatokea wapi tena mrefu hivyo?? Bonde la Semliki hapo pembeni limezama kweli kweli. Nimeanza kuchora mchoro wa kukata mlima magharibi kwenda mashariki ila mipasuko sijui niilaze upande gani. Mliosoma hii kitu mnashauri nianzie wapi, mipasuko kwanza au historia ya miamba? Lugha nyepesi tafadhali, jiofizikia hainipendi.