Naomba ushauri: Mama mwenye figo dhaifu amepangiwa upasuaji wa matundu madogo

Kifungua Mimba: Ndugu zangu, mama yangu ana umri wa miaka 61, anaishi na kisukari na shinikizo la damu, na amepangiwa kuondolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo kwa sababu ya mawe. Vipimo vya karibuni vinaonyesha kuwa figo zake zinachuja mililita 48 tu kwa dakika. Daktari alipotueleza kwamba tumbo hujazwa gesi, niliingiwa na hofu: je, gesi hiyo haitaziumiza figo ambazo tayari zimechoka? Je, ni afadhali tuombe apasuliwe tumbo kwa njia ya zamani? Anatumia metformini ya kisukari na enalaprili ya shinikizo la damu, na maumivu yakizidi humeza diklofenaki.

Mtaalamu wa Usingizi: Pole kwa kuuguza, ndugu. Hofu yako ina msingi. Gesi ya kaboni dioksidi huinua ukuta wa tumbo ili daktari aone, na shinikizo lake kwa kawaida huwekwa kati ya milimita 12 na 15 za zebaki. Shinikizo hilo huzibana vena za figo na nyama ya figo yenyewe, damu inayopita humo hupungua, na mwili hutoa homoni za kuzuia maji, hivyo mkojo hupungua. Kwa wagonjwa wengi hali hiyo hurejea kuwa ya kawaida gesi ikishatolewa, lakini figo za mama zina akiba ndogo ya nguvu, kwa hiyo uangalifu lazima uongezwe.

Hata hivyo, nisingekimbilia kupasua tumbo, kwa kuwa kidonda kikubwa huleta maumivu makali zaidi na siku nyingi zaidi za kulala kitandani. Muulizeni daktari wa upasuaji kama anaweza kufanya kazi kwa shinikizo la chini la gesi, pengine milimita 8 hadi 10, huku misuli ikiwa imelegezwa vya kutosha. Muulizeni pia mtaalamu wa usingizi atakavyozuia shinikizo la damu lisishuke, kwa maana figo zenye ugonjwa huumia haraka damu inapopungua nguvu. Maji ya dripu yanahitaji kiasi: yakiwa machache mno figo hukosa damu, yakizidi mno mwili huvimba, na mkojo kupungua wakati gesi imo tumboni si sababu tosha ya kuongeza dripu. Kuhusu enalaprili, hospitali nyingi huisimamisha saa 24 kabla ya upasuaji. Msiisimamishe wenyewe, ila ulizeni mapema, na metformini vilevile.

Muuguzi wa Wodi: Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huzuia kemikali ambazo figo huzitegemea kutanua mishipa inayoziletea damu, na zikikutana na enalaprili kwa mtu aliyepungukiwa maji, madhara yake huwa makubwa. Mwambie daktari leo hii kwamba mama huitumia, naye atakuelekeza dawa nyingine. Baada ya upasuaji, parasetamoli pamoja na ganzi inayochomwa kwenye matundu huwasaidia wengi. Ulizeni pia saa ya mwisho ya kunywa maji, kwani mara nyingi maji matupu huruhusiwa hadi muda wa saa mbili kabla ya kupewa dawa ya usingizi, ingawa kwa mwenye kisukari daktari anaweza kuamua tofauti. Mgonjwa akizuiwa kula na kunywa tangu jioni huingia chumba cha upasuaji akiwa amekauka.

Kifungua Mimba: Asanteni sana. Je, damu ipimwe tena lini?

Mtaalamu wa Usingizi: Kreatinini, yaani taka ya damuni ambayo hupanda figo zikishindwa kuchuja, ipimwe kabla ya upasuaji, kisha ndani ya saa 48 baada yake. Ikipanda kwa takribani maikromoli 26 kwa lita katika muda huo, huhesabiwa kuwa figo zimeumia. Wagonjwa wa nyongo mara nyingi huruhusiwa mapema, kwa hiyo msiondoke wodini kabla ya kuandikiwa tarehe ya kipimo hicho.